Hesabu ya Bonde la Mugoboka

Kila mwezi wa tano, mvua zikishaaga na ukungu wa asubuhi ukianza kulala mabondeni, kijiji cha Ruhabo hugawana bonde la Mugoboka kwa kura. Bonde lenyewe si kubwa. Lina vipande thelathini tu vinavyoshika maji mpaka mwezi wa tisa, na kaya zinazovitaka ni tisini. Kwa hiyo kamati hukata vikaratasi tisini, thelathini huandikwa NDIYO na sitini HAPANA, vikakunjwa na kutiwa chunguni, na kila kaya hutoa mtu mmoja wa kuingiza mkono. Aliyepata analima vitunguu na kabichi kiangazi kizima. Aliyekosa anatazama vumbi la shamba lake la mlimani hadi mwaka mwingine.

Niyomwungere alikuwa ameingiza mkono wake mle chunguni mara nane, na mara nane alitoka na HAPANA.

Mama huyo alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, akiwa mgongoni mwa mama yake. Alikulia Ruhabo, akaolewa Ruhabo, akazika mume Ruhabo, lakini kwenye kura ya bonde hakuitwa mpaka alipopata cheti cha uraia pamoja na wenzake wa kaya thelathini zilizokuwa na historia kama yake. Cheti chenyewe alikiviringisha ndani ya mfuko wa nailoni akakilaza chini ya Biblia. Mwaka wa kwanza wa kura alivaa kitenge kipya. Mwaka wa nane alikwenda na nguo za shamba, ili akitoka pale apitilize kulima.

Bintiye, Esteri Hatungimana, alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya kata. Kila mama yake aliporudi mikono mitupu, Esteri alikaa naye jikoni akamfariji kwa kitu pekee alichokuwa na uhakika nacho. Alimweleza kwamba mtu kukosa mara moja ni jambo la kawaida, maana katika watu watatu wawili lazima wakose. Kukosa mara nane mfululizo ni shida zaidi, lakini ukizidisha vizuri unapata watu kama wanne katika kila mia. Basi katika kaya tisini lazima wawepo watatu au wanne wenye balaa la namna hiyo, na hakuna aliyewachagua. Mama yake alisikiliza huku akipepeta maharage, halafu akasema kwamba Imana, kama alivyozoea kumwita Mungu kwa Kirundi, anajua anachomfanyia. Esteri hakubishana. Aliona wanasema jambo lilelile kwa lugha mbili.

Kwake Esteri mambo yalikuwa tofauti. Mumewe, Claude, alikuwa katibu msaidizi wa kamati ya bonde. Kamati ilimchukua kuwasemea wale waliopewa uraia, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa mtu wa kelele. Katika kura nane Claude alipata mara sita. Watu walisema ana mkono wa heri, na wengine walimpa mbegu zao azishike kabla hawajapanda. Vitunguu vya Mugoboka ndivyo vilivyoezeka nyumba yao bati, na ndivyo vilivyomrudisha Esteri chuo cha ualimu Kasulu kuongeza elimu yake. Cheti cha stashahada alikitundika sebuleni, juu ya picha ya binti yao Nadine.

Ilikuwa mwezi wa tatu alipofika na kidato cha nne kwenye somo la uwezekano. Aliwaeleza kwamba uwezekano una sura mbili. Upo ule wa nadharia, unaoukokotoa ukiwa umekaa kitako, hujagusa kitu: sarafu ina pande mbili, basi kila upande una nusu yake. Na upo ule wa majaribio, unaoupata kwa kurusha sarafu yenyewe na kuhesabu kilichotokea. Ukirusha mara kumi, sura hizo mbili zinaweza kugombana vibaya. Ukirusha mara elfu, zinasogeleana. Wanafunzi waliandika, lakini Esteri aliona nyusoni mwao kwamba hawajashawishika. Wengi waliamini bahati ni kitu cha mtu, kama sauti au kimo.

Ndipo alipofikiria Mugoboka. Aliwaandikia ubaoni: kaya thelathini za waliopewa uraia, miaka minane, jumla wameingiza mkono mara mia mbili na arobaini. Theluthi yake ni themanini. Aliwaambia atakwenda kuuliza wamepata mara ngapi kweli, na kwamba yeye anatabiri jibu halitakuwa mbali na themanini. Labda sabini na tano, labda themanini na sita. Alisema hayo akitabasamu, kama mtu anayeandaa zawadi.

Jumapili baada ya ibada aliwauliza wanawake wa kwaya, mama yake akiwamo. Walihesabu kwa vidole, wakarekebishana mwaka huu na mwaka ule, wakafika kumi na saba, wakabishana, wakaishia kumi na tisa. Esteri aliwashukuru, lakini moyoni alisema mtu huikumbuka njaa na kusahau shibe. Alihitaji daftari.

Daftari la kura lilikaa nyumbani kwake, ndani ya sanduku la bati la Claude. Siku iliyofuata Claude alikwenda mnadani Kasulu, na Esteri alifungua sanduku bila wasiwasi wowote, kwa maana halikuwa na kufuli. Alikaa kitandani na kalamu. Alipomaliza ukurasa wa mwisho alirudia tangu mwanzo, kwa sababu alidhani ameruka mahali.

Kumi na tisa.

Kisha akatazama majina. Claude mara sita. Katekista Nsabimana mara tano. Ndayisenga mwenye mashine ya kusaga mara nne. Watatu hao peke yao walikuwa wamebeba kumi na tano. Zilizobaki, kaya ishirini na saba, ziliingiza mkono mara mia mbili kumi na sita. Zilistahili kupata kama sabini na mbili hivi. Zilipata nne.

Esteri alikaa pale mpaka Nadine alipokuja kumwambia maziwa yamemwagika motoni. Alikuwa akifanya hesabu moja tu, ya mumewe. Mtu kupata mara sita au zaidi katika nane, kwa theluthi, ni kama wawili katika mia. Ni nadra, lakini hutokea. Hesabu ileile iliyomtetea Mungu mbele ya mama yake ingeweza kumtetea Claude. Alitaka sana kuwaamini hao wawili katika mia.

Keshoye aliingia darasani na ndoo ndogo kumi na nne, kila moja na punje kumi za maharage mekundu na ishirini meupe. Aliwagawa wanafunzi katika makundi. Kila kundi lifumbe macho, litoe punje, liandike, liirudishe, litikise, litoe tena, mara mia mbili kumi na sita. Vipindi viwili vikaisha kwa mchakacho wa punje. Kundi lililopata nyekundu nyingi zaidi lilipata themanini na nne. Lililopata chache zaidi lilipata hamsini na tisa. Aliwauliza wangehitaji kurudia kazi ile mara ngapi ndipo kundi moja lipate nne tu.

Walicheka. Msichana mmoja wa dawati la mbele alisema kwamba hilo haliwezi kuwa jambo la ndoo. "Huyo anayechota, madam, atakuwa anachungulia."

Esteri alifuta ubao kabla kengele haijalia.

Alasiri hiyo alimkuta Claude uani anasuka mafungu ya vitunguu. Alikaa kwenye kinu kilicholala, akamwambia amesoma daftari. Claude aliendelea kusuka. Akamwambia amehesabu. Claude akasuka fungu lingine, akalifunga, akaliweka kando, na hapo Esteri alijua, maana mtu asiye na jambo angeuliza umehesabu nini.

Alimsimulia bila kuficha, kama mtu aliyechoka kushika kitu kizito. Vikaratasi vya NDIYO hukunjwa kisha ncha moja ya kila kimoja ikasokotwa kidogo, kama mkia wa panya, kiasi cha vidole kuhisi bila macho kuona. Wenyeji wa koo za wanakamati wanajua, na ndio wanaoitwa kwanza. Waliopewa uraia huitwa mwisho, wakati chungu kimebaki na HAPANA na NDIYO mbili tatu za kupoza watu. Mwaka wa kwanza Claude mwenyewe hakujua. Mwaka wa pili, kabla ya kura, mwenyekiti wa kamati, Mzee Stanislaus, alimshika mkono kama anamsalimia, akamwekea kidoleni kikaratasi chenye mkia. Katekista na mwenye mashine nao walifundishwa vivyo hivyo.

"Na wewe ukakubali," Esteri alisema.

"Ningekataa ningepata nini, Mama Nadine? Wangemchukua mwingine, na sisi tungekuwa kama mama yako."

Neno hilo lilipotoka, hata yeye alilisikia. Akatazama mikono yake. Baadaye akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hata stashahada ya Esteri ile ya ukutani imetoka kwenye chungu kilekile, na kama kuna aliyekula basi wamekula wote. Yote aliyoyajua Esteri kuhusu theluthi na mia mbili kumi na sita, aliyasoma kwa ada ya vitunguu vile.

Wiki sita zilizofuata waliishi kama wapangaji. Claude alimwomba mara moja tu kwamba aliache jambo hilo mpaka Nadine amalize darasa la saba. Esteri hakumwambia mama yake lolote. Alipokwenda kumwona, alikaa jikoni akanyamaza, na mama yake akamuuliza kama ni mjamzito.

Siku ya kura mwezi wa tano ilikuwa kavu na yenye jua. Watu walikaa kwenye nyasi nje ya ofisi ya kijiji, chungu kikiwa juu ya meza, kamati nyuma ya meza, na mtendaji wa kata, aliyekuwa mgeni katika kazi hiyo, kwenye kiti pembeni. Kabla jina la kwanza halijaitwa, Esteri alisimama akaomba nafasi. Alieleza namba zake polepole, bila kumtaja mtu. Alisema waliopewa uraia walistahili kupata karibu mara themanini na wamepata kumi na tisa, na kwamba wanafunzi wake wamejaribu kwa maharage maelfu ya mara na hawajaona pengo kama hilo.

Mzee Stanislaus alimsikiliza kwa upole. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyechimba kaburi la baba yake Esteri kwa mikono yake. Alisema mwalimu amesoma na kijiji kinajivunia, lakini kuna vitu haviingii daftarini. "Bahati haina hesabu, mwalimu."

"Ya mtu mmoja haina, mzee. Ya watu wengi ina hesabu."

Halafu akaomba kile chungu kimwagwe kwenye mkeka. Kamati ilikataa. Mtendaji aliwatazama, akainuka, akakimwaga mwenyewe. Esteri alipiga magoti, akafumba macho, akaanza kupapasa vikaratasi kimoja kimoja, vyenye mkia kulia, visivyo na mkia kushoto. Watu walisimama kuona. Alipomaliza, mtendaji alifungua vya kulia. NDIYO, NDIYO, NDIYO, mpaka thelathini.

Watu walianza kukumbuka viangazi vyao kimoja baada ya kingine. Mtu kutoka nyuma aliuliza nani alijua. Mzee Stanislaus hakubabaika. Alimgeukia Esteri, na sauti yake ilikuwa bado ya upole.

"Amekuambia nani habari ya mkia? Waeleze. Muulize mumeo aliyekaa hapa."

Macho yote yakahamia kwa Claude mezani, yakarudi kwa Esteri, yakaenda kwenye viatu vyake. Esteri alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Mama yake alikuwa mstari wa tatu. Hakuinua uso. Claude aliweka kalamu chini, akafunga daftari, akapita katikati ya watu akaenda zake nyumbani, na hakuna aliyempisha zaidi ya ilivyobidi.

Mtendaji aliamuru kura ipigwe upya palepale. Vikaratasi vilikatwa na walimu wawili wa shule ya msingi, vikakunjwa sawasawa, na majina yakaitwa kwa kuchanganywa. Waliopewa uraia walipata kumi na moja. Katika kaya thelathini, kumi na moja. Ilikuwa namba safi, namba ambayo kitabu chochote kingeikubali, na wanawake wawili wa kwaya walilia walipofungua mikono.

Niyomwungere aliingiza mkono, akafungua, akasoma. HAPANA.

Esteri alimsindikiza njiani. Alitaka kumwambia kwamba safari hii ni kweli, kwamba safari hii hakuna aliyemwibia. Alipoanza, mama yake alimkatiza.

"Miaka minane nimemlalamikia Imana, mwanangu. Nikimaliza kulalamika nalala. Sasa nimlalamikie nani? Stanislaus, ninayesali naye benchi moja? Mume wako, aliyekuwa akiniletea kabichi?"

Walipofika mlangoni aliingia peke yake.

Claude aliishi nyumbani majuma matatu. Wenyeji walimwona msaliti, na wenzake wa upande wake walimwona mbaya zaidi ya hapo. Katekista Nsabimana na Ndayisenga wa mashine waliomba radhi kanisani wakasamehewa. Claude hakwenda kuomba. Alichukua begi na baiskeli akaenda Kibondo kwa kaka yake, ambako sasa anauza vipuri vya pikipiki. Humpigia Nadine simu Jumamosi. Esteri naye, kwenye kwaya, aligundua kwamba benchi lake limekuwa pana. Hakuna aliyemtukana. Watu walimshukuru kwa mdomo, lakini walikuwa wamehesabu na wao, na hesabu yao iliishia kwenye bati la nyumba yake.

Alijipa moyo kwa jambo moja. Jaribio moja si kitu. Kumi na moja ya mwaka huu ingeweza kuwa tisa mwakani, au kumi na mbili, lakini miaka ikienda, theluthi ingejionyesha yenyewe, na mama yake angekuwa ndani yake, kwa maana hakuna mkono unaokosa milele kwenye chungu cha haki. Alianza daftari jipya. Ukurasa wa kwanza aliandika mwaka, thelathini, kumi na moja.

Mwezi wa tano uliofuata chungu hakikutolewa. Mkutano wa kijiji ulisomewa barua kwamba kura imeleta mgawanyiko, na kwamba kwa ajili ya amani na kilimo cha kisasa bonde litalimwa na kikundi kimoja kilichosajiliwa, chenye katiba na mashine ya kuvuta maji. Orodha ya wanakikundi ilibandikwa mlangoni. Mwenyekiti alikuwa Stanislaus. Nsabimana na Ndayisenga walikuwamo. Wanawake wa kwaya hawakuwamo. Esteri alisoma orodha ile mara mbili akitafuta cha kuhesabu, na hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kuchota wala kukosa. Mtu ama yumo ama hayumo. Mtendaji yule alikuwa amehamishwa, na aliyekuja badala yake alimwambia Esteri, kwa heshima zote, kwamba utaratibu umefuatwa.

Mwezi wa saba alisikia kwamba mama yake anakwenda bondeni kufanya kibarua. Aliondoka shuleni mchana, akashuka kule kwa miguu. Aliwakuta wanawake kumi hivi wameinama wanapalilia vitunguu vya kikundi, mashine inavuma, maji yanapita kwenye mifereji iliyonyooka. Mama yake alikuwa wa tatu kutoka mwisho, amejifunga kitenge kiunoni. Alimwona bintiye, akainuka kidogo, akasema wanawalipa siku hiyohiyo na jioni kila mmoja anapewa fungu la majani ya mboga la kwenda nalo. Esteri alimwomba warudi nyumbani, akamwambia mshahara wake unatosha kwa wote wawili. Mama yake alisema mstari huu haujaisha, akainama tena.

Mzee Stanislaus alikuja kwenye tuta akiwa na buti za mpira, akisimamia maji. Esteri alikuwa ameapa kwamba hatamsemesha tena mtu yule mpaka kufa. Mzee alisimama mbele yake, akamtazama, akangoja. Wanawake wote walikuwa wakisikia, na mama yake alikuwa anafanya kazi kwenye tuta la mzee huyo.

"Shikamoo, mzee," Esteri alisema.

"Marahaba, mwalimu. Watoto hawajambo shuleni?"

Alijibu kwamba hawajambo. Mzee akaenda kufungua mfereji mwingine. Esteri alivua viatu, akaviweka kwenye nyasi, akaingia kwenye mstari wa mama yake kwa upande wa pili, akaanza kung'oa magugu ili umalizike mapema.